Maswali na majibu: Kijana anaposema haamini tena

Barua tano za wasomaji wa Goma, mashariki mwa Congo, zinagusa jambo moja: watu wanaoacha kumwamini Mungu, na wajibu wa waamini mbele yao. Tumezifupisha, na tunazijibu moja moja.

Ukanamungu unazidi kila mwaka. Sisi waamini tunaweza kuuzuia, au tumeshachelewa? (Mwalimu wa dini, Katindo)

Mwalimu, kwanza tutenganishe hesabu mbili ambazo watu huzichanganya. Asiye na dini si lazima awe mkanamungu. Uingereza na Wales, sensa ya 2011 ilihesabu asilimia 25.2 ya watu wasio na dini. Ile ya 2021 ikafika asilimia 37.2. Marekani, uchunguzi wa taasisi ya utafiti ya Pew wa 2023 na 2024 uliwakuta watu 29 katika kila 100 hawana dini, lakini waliojiita wakanamungu walikuwa 5 tu. Wengi wa waliobaki wamechoka na kanisa au hawajali, na baadhi yao bado wanasali. Hapa kwetu tuna mchanganyiko wetu pia: asiyeokoka anaitwa mpagani, hata kama anamwamini Mungu kwa moyo wote. Ukiwahubiria wote hawa mahubiri yaleyale, hutamfikia hata mmoja.

Kuzuia kwa nguvu hakuwezekani. Historia ilishalijaribu jambo hilo kwa upande wa pili. Urusi ya Kisovieti ilifunga makanisa na misikiti, ikawaua mapadri, ikafundisha shuleni kwamba Mungu hayupo. Sensa ya 1937 ilipowauliza watu kuanzia miaka 16 kuhusu imani yao, zaidi ya nusu walijibu kwamba wanaamini, na serikali ikayaficha matokeo. Albania ilipiga marufuku dini zote mwaka 1967. Mwaka 1990 watu walikuwa wanasali tena hadharani. Bunduki iliyoshindwa kuitoa imani moyoni haitaweza kuiingiza.

Tunachoweza kukizuia ni ule ukanamungu tunaouzaa wenyewe. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, ulisema wazi mwaka 1965 kwamba waamini wana sehemu isiyo ndogo katika kuzaliwa kwake: wanapopuuza kujifunza imani yao, wanapoifundisha vibaya, wanapoishi kinyume chake. Hapo ndipo penye kazi, Mwalimu.

Kijana wangu ana miaka 17, yuko mwaka wa sita wa sekondari. Jumapili amekataa kutoka, akasema haamini tena. Nimemwambia silipi minervali (karo ya shule) mpaka arudi kanisani. Nimekosea? (Baba, Ndosho)

Ndiyo, Baba, na bado unaweza kurekebisha. Lipa minervali kabla ya Jumapili ijayo, bila sharti. Ukiifunga imani kwenye makuta (pesa) ya shule, atarudi kweli. Atakaa kwenye benchi karibu na mama yake, ataimba, atasimama na kuketi pamoja na wengine. Halafu siku atakapopata kazi yake mwenyewe hamtamwona tena kanisani, na utakuwa umemzoeza miaka yote hiyo kusema uongo mbele ya Mungu.

Kisha keti naye, nyinyi wawili tu. Wadogo zake wasiwepo, wala mtumishi aliyeitwa kuja kumtoa pepo. Muulize swali moja, «Ilianza lini?», halafu nyamaza. Mara nyingi kijana haanzi kwa kujiuliza kama Mungu yupo. Anaanza na jambo lililomtokea: mchungaji aliyekula pesa za mbegu, unabii wa safari ambayo haikufika, ndugu aliyeombewa wiki nzima akafa, somo la biolojia ambalo kanisani waliliita la shetani. Kila moja lina dawa yake. Ikiwa aliumizwa na mtumishi, likubali kosa bila kulifunika, na ulipeleke kwa wakubwa wa kanisa hilo. Ikiwa ni sayansi, mtafutie mtu aliyeisoma na ambaye bado anasali. Mwambie pia habari za Georges Lemaître, padri wa Ubelgiji aliyefundisha Louvain: mwaka 1927 aliandika kwamba ulimwengu unapanuka, na mwaka 1931 akasema huenda ulianzia kwenye chembe moja ya awali. Na kama kijana amesoma, amefikiri, na ameamua, endelea kula naye meza moja.

Kuna mambo una haki ya kuyadai: kazi za nyumbani, saa ya kurudi, utulivu wakati familia inasali. Kukaa kimya wenzake wakisali ni adabu. Kusema amina asiyoiamini ni mzigo, usimtwishe.

Mtoto wa jirani alikutwa asubuhi amekufa kwenye kibonde nyuma ya nyumba. Watu wa chumba cha maombi wamesema ni ulozi, wakamtaja dada yake wa miaka tisa. Mwanangu mkubwa anasema kama Mungu ndiye huyo, hamtaki. Nimjibu nini? (Mama, karibu na Lac Vert)

Mama, mwanao amekasirikia uongo, na ana haki.

Kwa maelezo yako, na kwa eneo mnaloishi, jambo la kwanza la kulifikiria ni mazuku. Ni gesi ya kaboni dioksidi inayopanda kutoka ardhini kupitia nyufa za mawe ya lava. Haina rangi wala harufu. Ina uzito wa hewa mara moja na nusu, kwa hiyo hujikusanya mashimoni na kwenye vibonde kama maji, hasa usiku na alfajiri upepo ukiwa umetulia. Mtu mzima anaweza kusimama kichwa chake kikiwa juu ya gesi, wakati mtoto, mbuzi na kuku wamezama ndani yake. Gesi hiyo ikifika asilimia 10 ya hewa, mtu hupoteza fahamu kwa dakika chache. Anayeshuka na kuinama ili kumwokoa mwenzake huanguka juu yake, na ndiyo maana hutokea wakafa wawili, watatu mahali pamoja. Basi usimfuate aliyeanguka. Piga kelele, avutwe kwa kamba au mti mrefu na watu waliosimama juu. Watoto wasiteremke kibondeni kabla jua halijapanda na upepo kuanza kuvuma. Ukiona ndege au panya wamekufa bondeni bila jeraha, hama hapo.

Sasa huyo msichana. Sheria namba 09/001 ya 10 Januari 2009 ya ulinzi wa mtoto inamwadhibu anayemsingizia mtoto ulozi: kifungo cha mwaka 1 hadi 3, kwenye kifungu cha 160. Mwondoeni mikononi mwao leo, kabla hawajamfungisha bila kula wala kunywa kwa jina la maombi. Mwanao akikuona unavuka barabara kwenda kumchukua, atakuwa amepata zaidi ya nusu ya jibu lake.

Na mama aliyefiwa, tafadhali asiambiwe ni mapenzi ya Mungu. Rafiki watatu wa Ayubu waliketi naye chini siku saba, mchana na usiku, bila neno. Hapo walifanya vema. Waliharibu walipofungua midomo kueleza. Kwenye kilio peleka maji, makaa na unga, ukae. Mwanao akikuuliza kwa nini Mungu hakuzuia, na wewe hujui, mwambie hujui, na kwamba bado unasali.

Tumejaribu mara mbili mkutano wa maswali kwa vijana. Wa kwanza hakuna aliyeuliza, wa pili ukaisha kwa ugomvi. Tufanyeje? (Kiongozi wa vijana, Himbi)

Hakuna aliyeuliza kwa sababu kuuliza kwa mdomo mbele ya wote ni kujianika. Wekeni sanduku lenye kufuli mlangoni wiki moja kabla, na karatasi ndogo za ukubwa mmoja na biki za rangi moja. Watu wawe 12 hadi 20. Wakizidi, gawanyeni makundi. Chagueni maswali 3 tu kwa jioni ya dakika 90: dakika 10 za kuyasoma, 20 kwa kila swali, 20 za mwisho kwa yatakayozuka. Lisomeni kila swali kama lilivyoandikwa, hata likiuma. Mkilisafisha, mwenye nalo atajua, na hatarudi.

Anayejibu asizidi dakika 5, kisha vijana waongee. Asiyeamini aeleze mwenyewe anachofikiri. Ugomvi mwingi huanzia pale mhubiri anapomsemea maneno ambayo hakuyasema. Neno «sijui» liruhusiwe, lakini liandikwe kwenye daftari pamoja na jina la atakayetafuta, na jibu lije ndani ya siku 7. Hapo ndipo mikutano mingi inapokufa: wiki inapita, daftari halifunguliwi.

Jioni hiyo msichange matoleo, wala msimalizie kwa wito wa kuokoka. Kijana aliyeleta swali lake la kweli akaona lilikuwa chambo, mmempoteza mara ya pili. Anayetaka sala abaki baada ya kufunga. Watu wengi hukumbuka nusu ya kwanza ya 1 Petro 3:15, kuwa tayari kujibu. Nusu ya pili inasema kwa upole.

Kwa nini serikali isiwapige marufuku wanaosema hadharani kwamba Mungu hayupo? (Mzee Mwislamu, Birere)

Mzee wetu, kwa sababu sheria inayowalinda wao ndiyo inayoulinda msikiti wenu. Katiba ya 18 Februari 2006, kifungu cha 22, inampa kila mtu uhuru wa mawazo, dhamiri na dini. Kifungu cha 1 kinasema nchi haina dini ya serikali. Waislamu ni wachache hapa Congo. Uzio huo ukibomolewa kwa ajili ya wengine, nanyi mmebaki nje. Na Qurani yenyewe inasema hakuna kulazimisha katika dini, sura ya 2 aya ya 256. Katika sura ya 10 aya ya 99 Mtume anaulizwa kama yeye atawalazimisha watu mpaka waamini.

Kijana anayesema hivyo mtaani kwenu ana jina na ana wazazi. Mwalike barazani kwa chai, na umwache aongee kwanza.