Bi Spana Anajibu: Kisu cha Mfukoni au Plaizi ya Kukunja?

*Shikamoo Bi Spana. Mimi ni fundi wa madishi ya ving'amuzi. Naishi Kigamboni, wateja wangu wengi wako Upanga na Kariakoo. Nimechoka kupanda mapaa na begi zima la vifaa. Binamu yangu anakuja Desemba kutoka Marekani, ameniahidi Leatherman, ile plaizi ya kukunja yenye kisu ndani. Rafiki yangu anasema nisisubiri, Kariakoo zipo za elfu kumi na tano zinazofanana kabisa, na muuzaji anakupimia kwa sumaku uone kuwa ni stenlesi. Mwingine anasema kisu cha Uswisi kinatosha. Mke wangu ananiambia nikitembea na kisu nitaitwa jambazi. Nishike lipi?*
*Fundi wa Paa, Kigamboni*

Marahaba mwanangu. Nianze na hiyo sumaku, maana imeniudhi. Muuzaji anaigusisha, haishiki, anakutazama kama amekuonyesha muujiza. Stenlesi isiyoshika sumaku ni ile ya masufuria na masinki. Haikazwi kwa moto, kwa hiyo haikai na makali. Ubapa wa kisu kizuri umekazwa kwa moto na sumaku inaushika, hata wa Victorinox wenyewe, watengenezaji wa kisu cha Uswisi. Sumaku ikiteleza kwenye ubapa, rudisha mezani uende zako.

Ukitaka kupima, funga midomo ya plaizi kisha inyanyue juani. Mwanga ukipita kwenye ncha, hiyo haitashika waya mwembamba. Halafu kamata mipini miwili uisokote kidogo. Ikicheza ikiwa mpya, miezi miwili ijayo utakuwa na njuga.

Kisu cha Uswisi nakipenda. Karl Elsener, mwanzilishi wa Victorinox, alikisajili mwaka 1897 na mpaka leo ni kisu cha heshima, kile cha milimita 91 kinakaa mfukoni bila kukusumbua. Karani, mwalimu, mtu wa safari, wote nawauzia bila wasiwasi. Lakini wewe kazi yako ni kumenya waya, kukaza konekta, kushika kitu kinachoteleza huku mkono mwingine umeng'ang'ania bati. Kisu unakihitaji mara moja, plaizi mara kumi, na vingi vya hivyo visu havina plaizi ya maana. Ndicho kilichomsumbua Tim Leatherman mwaka 1975, akizunguka Ulaya na mkewe kwa Fiat mbovu: mfukoni ana kisu, kila kinachoharibika kinataka plaizi. Ilimchukua mpaka 1983 kuanza kuuza kifaa chake chenye vyote viwili.

Kwa hiyo msubiri binamu. Mwambie Leatherman aina ya Wave+, na akuletee vikatio vya waya vya akiba, kwa sababu kwenye hiyo vinafunguliwa na kubadilishwa. Kwa fundi wa waya hicho ndicho kinachokufa mapema, hasa ukizoea kukatia waya wa chuma wa kufungia nguzo. Udhamini wa miaka 25 upo, ila kifaa lazima kirudi kwao, usiuhesabu sana. Tena kina gramu 241, karibu robo kilo. Ukikitia kwenye suruali ya kitambaa kwa joto hili la Dar utatembea ukivuta kiuno.

Mambo mawili hakitakufanyia. Nati za mabano ya dishi bado zinataka spana, plaizi inakula pembe zake na atakayekuja baada yako atakulaani. La pili, na hili nakusihi: mipini yake ni chuma kitupu. Umeme wetu ni volti 230. Usiguse nacho soketi wala nyuma ya televisheni iliyochomekwa. Tesa ya kupimia umeme na bisibisi yenye mpini wa plastiki vibaki begini.

Kigamboni una adui mwingine, chumvi. Hewa ya bahari na jasho lako haviharibu ubapa kwanza, vinaingia kwenye maungio, na siku moja kifaa hakifunguki. Stenlesi inachelewa kushika kutu, haikatai. Kila wiki kifungue chote, kioshe kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, kikaushe kabisa, tia tone la mafuta ya cherehani kwenye kila ungio. Mafuta ya kula hapana, yanaganda na kukusanya vumbi. Kunoa tumia jiwe nyumbani. Yule mnoa visu wa baiskeli ni rafiki yangu, ila jiwe lake la kuzunguka linauchoma ubapa mwembamba na kuulegeza ukali wake.

Mkeo ana hoja. Kanuni ya Adhabu inalitaja kosa la kutembea na silaha hadharani kwa namna ya kutia watu hofu. Kiweke begini pamoja na waya na konekta zako, kisining'inie kiunoni, na usikifungue kwenye daladala kuchambua kucha.

*Bi Spana, nina kikisu kidogo cha kwenye funguo, chenye mkasi. Nasafiri kwa ndege kwenda Mwanza na begi la mkononi tu. Kitapita?*
*Mama Wawili, Tabata*

Hakipiti, mama, udogo wake haukusaidii. Kisu kinasafiri kwenye mzigo unaokabidhiwa kaunta. Kama huna mzigo huo, kitoe kwenye funguo usiku, si asubuhi ukiwa foleni pale uwanjani. Victorinox wanayo Jetsetter isiyo na ubapa kabisa, imebaki na mkasi na vikorokoro vingine, ila hata mkasi mwenye neno la mwisho ni mkaguzi.