Mayotte ni ya Ufaransa au ya Komoro?
Kiutawala ni ya Ufaransa. Tangu 31 Machi 2011 ni mkoa kamili, wa 101, baada ya wenyeji kupiga kura ya maoni mwaka 2009. Wanatumia yuro na wana wabunge wao Paris.

Ila kijiografia ni kisiwa cha nne cha Komoro, ndiyo maana bendera ya Komoro ina nyota nne. Katika kura ya Desemba 1974 visiwa vingine vitatu vilichagua uhuru, Mayotte wengi wakaukataa. Komoro ilipojitangazia uhuru Julai 1975, Ufaransa ikakishikilia kisiwa hicho, ambacho ilikuwa imekichukua tangu 1841, miaka mingi kabla ya kuvitia vile vitatu chini ya himaya yake.

Komoro haijakubali mpaka leo, na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa limepitisha maazimio ya kuiunga mkono. Kinachoniuma ni watu: tangu 1995 Mkomoro wa Anjouan, kimoja cha vile visiwa vitatu, anahitaji viza kwenda Mayotte kuwaona ndugu zake ng'ambo ya mlango mwembamba wa bahari, na wengi wamezama wakivuka kwa vimashua usiku.