Kwa nini David Farrington aliheshimiwa kwa kuwafuatilia wavulana 411

Ndugu, umeuliza inakuwaje mtu aliyetumia karibu maisha yake yote ya kitaaluma kwa kundi moja la wavulana wa kusini mwa London ahesabiwe miongoni mwa wanakriminolojia (wachunguzi wa uhalifu) wakubwa, hata akapewa Tuzo ya Stockholm ya kriminolojia mwaka 2013. Swali hilo nilikuwa nalo pia, mpaka nilipoijaribu kazi ya aina hiyo.

Katika utafiti wangu wa uzamili niliwahoji vijana 40 waliotoka kifungoni, nikapanga kuwahoji tena baada ya mwaka mmoja na nusu. Niliwapata 17. Wengine walikuwa wamehama au wamebadili namba za simu, na wengine ndugu zao hawakutaka kunielekeza. Kumbukumbu za mahakama nilizoruhusiwa kuziona baadaye zilinionyesha kwamba wengi wa niliowakosa walikuwa wamerudia makosa; kwa kuwategemea 17 niliowapata tu, nusura niandike kwamba vijana hao walikuwa wametulia.

Sasa tazama Utafiti wa Cambridge, ndio uliowafuatilia wavulana hao 411. Donald West aliuanzisha mwaka 1961 kwa wavulana wa miaka 8 na 9. Farrington, msomi wa saikolojia, alijiunga naye mwaka 1969 na baadaye akaurithi uongozi. Walengwa walipofikia umri wa miaka 48, walio hai walikuwa 394, na 365 kati yao walihojiwa, yaani asilimia 93 baada ya takriban miaka 40. Kwangu mimi namba hiyo ni kubwa kuliko nadharia yoyote.

Watu humtaja zaidi kwa vihatarishi vya utotoni: umaskini, malezi yasiyo na uangalizi, mzazi aliyewahi kutiwa hatiani, papara na kufanya vibaya shuleni. Ni kweli, ingawa hivyo hueleza uwezekano katika kundi na havimtabirii mtoto mmoja mmoja. Mimi hurudi zaidi kwenye makala yake ya mwaka 1977. Kwa kuwa wavulana walikuwa wakiulizwa mara kwa mara makosa waliyotenda, yakiwemo ambayo polisi hawakuyajua, aliweza kuwalinganisha waliokuwa sawa kwa matendo, wengine wakiwa wametiwa hatiani na wengine bado. Waliotiwa hatiani ndio walioendelea kuzidisha makosa. Hukumu iliyokusudiwa kuwarudi ilikuwa imewasukuma mbele, na jambo hilo lisingeonekana kamwe kwa anayewahoji watu mara moja tu, kwani angewakuta waliotiwa hatiani wana makosa mengi akadhani makosa hayo ndiyo tu chanzo cha hukumu.

Katika utafiti ninaoufanya sasa, kila ninayemhoji namwomba majina ya watu watatu watakaojua alipo hata akihama, na nimefuta theluthi ya maswali yangu ili fedha zilizobaki zitumike kumtafuta.