Jina liko CRB, je, nyumba nitapata?

Dada, umeuliza kama benki itakupa mkopo wa nyumba ilhali jina lako liko CRB, yaani kwenye kampuni zinazotunza kumbukumbu za mikopo, kama mtu aliyeshindwa kulipa deni. Usikate tamaa, ila usianzie benki. Anza na ripoti yako ya mikopo. Kila mwaka una haki ya kupata nakala moja bure kutoka kampuni za CRB nchini Kenya: TransUnion, Metropol au Creditinfo. Isome mstari kwa mstari.

Mimi nilikuta deni la simu la Sh1,800 nililokuwa nimelipa zamani, bado limeandikwa halijalipwa. Niliwapelekea watu wa CRB ujumbe wa M-Pesa wa malipo yale, nikadai wasahihishe, wakasahihisha. Makosa kama haya ni haki yako kuyapinga.

Kama deni ni la kweli, lilipe, kisha udai barua ya kuthibitisha. Ukweli ni kwamba historia hiyo itabaki miaka 5 tangu ulipomaliza kulipa, lakini deni lililolipwa halifanani kabisa na lililotelekezwa.

Huku ukingoja, weka akiba kwenye sacco bila kuruka mwezi. Baadhi ya sacco hutoa mikopo ya nyumba kwa fedha za KMRC, kampuni inayozikopesha benki na sacco pesa za mikopo ya nyumba, na sacco yako inakujua kwa michango yako. Na tafadhali dada, achana na mikopo midogo ya simu kwa sasa.