Mbao Hazijui Ratiba ya Televisheni

Meza ilipasuka saa nne na robo asubuhi, mbele ya watu watano waliovaa suti. Saa naikumbuka kwa sababu ndiyo kwanza nilikuwa nimetazama simu, nikijisemea moyoni kwamba leo mambo yananyooka. Tulikuwa katika chumba cha mikutano cha kituo kimoja cha televisheni hapa Kampala. Kiyoyozi kinavuma, kipindi chetu cha majaribio kimekwisha kuonyeshwa, na meza yenyewe ya mvule, ile tuliyoitengeneza ndani ya kipindi, imewekwa katikati kama bibi harusi. Ghafla, ta! Kama mtu kavunja ukuni. Ufa ukatoka ukingoni ukafuata nyuzi za mbao hadi karibu na katikati, huku mkuu wa vipindi akiutazama na kikombe cha chai mkononi.

Nawaandikia ninyi mnaoniuliza kila wiki jinsi ya kuanzisha kipindi cha useremala. Wengi huanza kwa kuuliza kamera gani. Kamera nitaifikia, lakini kwanza tuimalize hii meza.

Nilikuwa nimepewa siku kumi za kutengeneza kipindi cha majaribio. Nikaenda Ndeeba, soko la mbao ambalo kila seremala wa Kampala analijua, nikanunua mbao za mvule za inchi 12 kwa 1. Muuzaji akaapa kwamba zimekauka. Mzee wetu wa karakana, fundi aliyetoka Ituri, Kongo, miaka mingi iliyopita, akauinua ubao mmoja, akaupima uzito kwa mikono, kisha akaubandika shavuni. "Bado ina maji hii, mwanangu. Ngoja." Nikamwambia televisheni haingoji. Akanitazama tu.

Kosa la pili lilikuwa baya zaidi. Mzee alitaka kuufunga uso wa meza kwa vifungo vya mbao, vile vijipande vinavyoingia kwenye mfuo wa fremu na kuuacha uso uende na kurudi. Vingechukua nusu siku kuchonga, na mimi nikaona kwamba mtazamaji atachoka. "Tia skrubu, Mzee, hakuna atakayeona chini." Akatia.

Ubao ukikauka hausinyai kwa urefu, au husinyaa kidogo mno hata usihesabike. Husinyaa kwa upana, kukata nyuzi. Meza ile ilikaa wiki tatu kwenye chumba chenye kiyoyozi, kwa kuwa mkutano uliahirishwa mara mbili. Uso ukawa unasinyaa na skrubu zimeushika huku na huku. Usipokuwa na pa kwenda, unapasuka. Mzee alikuwa amenieleza yote haya kwa maneno yasiyozidi kumi.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na kama una haraka basi chukua huu tu uende zako: panga kipindi kwa kalenda ya mbao, usipange kwa kalenda ya kituo. Vituo vingi hufikiri kwa robo ya mwaka, yaani wiki 13, vipindi 13. Wewe nunua mbao za vipindi vyote 13 kabla hujaajiri mpiga picha. Zipange kivulini, juu ya magogo, ukiweka vijiti vya unene mmoja kati ya ubao na ubao ili upepo upite, na kila kijiti kikae juu ya mwenzake, la sivyo mbao zitapinda. Mafundi wa zamani huhesabu kama mwaka mmoja wa kukausha hewani kwa kila inchi ya unene. Najua huna mwaka. Basi tafuta aliyekwisha kuungoja huo mwaka, umlipe bei yake, na uende na kipimo cha unyevu, kile kidude cha sindano mbili. Sisi sasa hatugusi ubao unaosoma zaidi ya asilimia 14. Siku ile Ndeeba sikuwa na kipimo. Nilipokuja kupima mabaki ya mbao zile karakanani, baada ya aibu, yalisoma 22.

Mvule una vituko vingine ambavyo hakuna mtu wa televisheni atakuonya. Ukiranda leo unatoka wa manjano, karibu na rangi ya ndizi iliyoiva. Uache kwenye mwanga, unageuka kahawia taratibu. Sisi tulipiga picha za kabati dogo kwa wiki tatu, leo mlango, wiki ijayo droo. Mhariri alipounganisha, fundi anafunga mlango wa kahawia, sekunde moja baadaye mlango ni wa manjano, kisha kahawia tena. Ilibidi turudie nusu ya kazi. Siku hizi vipande vyote vya kazi moja vinarandwa siku moja, na vinavyosubiri vinafunikwa turubai. Halafu mti huu huficha mawe: chokaa iliyoganda ndani ya shina, usiione mpaka kisu cha randa kiigonge. Kilipogongwa mara ya kwanza mbele ya kamera nilisema "kata!" Mzee akakataa kukata. Akakichomoa kisu, akakionyesha pengo lake kwenye lenzi, kama daktari anayeonyesha jino alilong'oa, kisha akaketi kukinoa dakika ishirini nzima. Tukatumia mbili tu, lakini mpaka leo watu wakinikuta njiani huuliza habari za jiwe, hawaulizi za kabati. Vumbi lake nalo huwasha pua na ngozi, vaeni barakoa, na mpiga picha pia.

Tukija kwenye kupiga picha zenyewe: fanyeni kila kitu mara tatu. Kama kipindi ni cha stuli, tengenezeni stuli tatu. Moja imekamilika, ipo mezani tangu mwanzo ili mtazamaji ajue tunakwenda wapi. Ya pili imeishia katikati, viungo vimechongwa lakini havijatiwa gundi. Ya tatu ndiyo inayotengenezwa mbele ya kamera. Gundi inapotakiwa kukaa kwenye klampu usiku kucha, hamkai nayo; mnaivuta ile ya pili, mnaendelea. Hii si hila, mradi mseme wazi kwamba hii tuliitia gundi jana. Gharama ya mbao inapanda mara tatu, ndiyo, ila stuli zinauzwa. Za kwanza zililipia nauli zetu zote za boda.

Sasa, mtazamaji ni nani? Hapa nilipotea kwa muda mrefu. Nilidhani nawatengenezea mafundi. Ukweli ni kwamba watu wengi wanaotazama hawatashika patasi maishani mwao. Ni wateja. Hapa kwetu mtu hanunui sofa kutoka kwenye boksi. Anakwenda Bwaise au Nsambya, anasimama kando ya barabara, anamwonyesha fundi picha kwenye simu, anaacha malipo ya awali, anarudi baada ya wiki mbili kuambiwa arudi wiki ijayo. Mtu huyu anataka kujua asidanganywe vipi. Kipindi chetu kilichotazamwa kuliko vyote hakikutengeneza chochote. Tulichukua sofa kuukuu tukaichana kitambaa. Ndani: mbao za kalitunsi (mkaratusi) mbichi, bado na magamba upande mmoja, misumari imepigwa mshazari kwenye kona, hakuna kiungo hata kimoja, sponji ikifunika dhambi zote. Kisha Mzee akaonyesha jinsi ya kukagua sofa bila kuichana: inua kona moja ya mbele uone kama mguu wa pili unanyanyuka nao au fremu inajinyonga, ipindue, papasa chini ya kile kitambaa cheusi, uliza kona imeungwa kwa nini. Mama mmoja aliniandikia kwamba aliyafanya hayo dukani na fundi akampunguzia bei kabla hajafungua mdomo.

Kwa hiyo fikiri mteja anayetazama na fundi anayefanya. Ukifikiri fundi anayetazama, utaishia kuonyesha mashine.

Haya, kamera. Simu nzuri inatosha kuanzia. Tatizo ni taa. Umeme wetu ni wa hezi 50, na simu nyingi huja zimewekwa fremu 30, yaani picha 30, kwa sekunde. Chini ya taa za tyubu za karakana picha inapepesa kama mshumaa. Weka fremu 25 na shata, yaani muda wa kila picha, ya 1 kwa 50 ya sekunde, kupepesa kutaisha. Halafu usimulike kazi kutoka mbele. Weka taa chini, ubavuni, mwanga uchape juu ya ubao kwa mshazari, na kila alama ya randa na kila mkwaruzo wa msasa utajitokeza. Mafundi wasio waangalifu hawaipendi taa hii hata kidogo.

Sauti ni vita kubwa zaidi ya picha. Jirani ana mashine ya kuranda, ng'ambo kuna mchomeleaji vyuma, na juu yako kuna bati. Mvua ya Kampala ikishuka juu ya bati, usijaribu hata kuongea, zima kamera mle mahindi. Miezi ya mvua tunapanga kazi zisizohitaji maneno. Kuongea tunakufanya saa moja asubuhi, kabla jirani hajawasha. Na sauti ya randa yenyewe, ule mluzi wa ubao mkavu ukitoa maranda membamba, irekodi peke yake na kipaza sauti karibu kabisa. Ndiyo inayomshika mtu aliyekuwa anataka kubadili chaneli.

Fundi si mwigizaji. Mzee akifanya kazi hasemi, na akisema hafanyi kazi. Nilijaribu kumlazimisha afanye vyote viwili, akakosea kupima kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Dawa tuliipata kwa binti mmoja wa Arua anayejifunza kazi pale karakanani. Tukamwambia awe anauliza chochote kinachomjia. Akauliza: "Mzee, kwa nini usipigilie tu msumari ukamaliza?" Mzee akaweka patasi chini. "Msumari unashika leo. Ulimi wa mbao ukiingia sawasawa kwenye tundu lake, gundi ikichoka, wenyewe bado umeshika." Mimi na karatasi zangu za maswali nisingeyapata hayo.

Mlipeni fundi kwa siku, na mlipe vizuri, kwa sababu akiwa na ninyi hatengenezi kazi za wateja. Mzee alipoteza oda mbili za vitanda mwezi wa kwanza na hakuniambia; niliambiwa na mkewe. Andikianeni pia kwenye karatasi picha ni za nani, na zikirudiwa hewani nani anapata nini. Wanaojiita wazoefu watakwambia kwamba fundi anafaidika kwa kuonekana. Kuonekana hakulipi ada ya shule.

Na viatu! Tulipotazama picha za kwanza niliona Mzee anasukuma ubao kwenye msumeno wa mashine, amevaa sapatu, na mashine yenyewe ya kuungaunga haina kinga. Mkono wake wa kushoto una kidole kimoja kilichoishia katikati. Tukanunua mabuti na miwani, fundi wa vyuma akatuundia kinga ya msumeno. Mzee alilalamika wiki nzima. Kile kidole hatukukificha, na hatukukitolea hotuba. Kinaonekana kila anapoonyesha kipimo.

Lugha, watu wananiuliza sana. Mimi ni wa Busia, upande huu wa mpaka, Kiswahili nimekulia nacho sokoni. Karakana yetu ina Mkongo, Waganda wawili na huyu binti wa Arua, na lugha wanayokutana kwayo ni hii. Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022, lakini karakanani kilikuwa rasmi zamani: Mganda mwenyewe msumari anauita omusumaali, msumeno anauita omusumeeno. Kituo kilitaka Kiingereza. Tukawaandikia maandishi ya Kiingereza chini ya picha, yakatosha.

Wadhamini nitawataja kwa kifupi maana bado wananiudhi. Mmoja, muuza mbao za kusagwa, zile za chembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi, alikuwa tayari kulipia vipindi vyote 13, kwa sharti tusiseme kamwe kwamba mbao zake hufura zikinyeshewa. Tulikaa usiku kucha tukibishana, kwa sababu pesa ilikuwa ya kweli. Tukakataa. Badala yake tukapata wadhamini watatu wadogo na bajeti nyembamba, na kwenye kipindi cha saba tukaweka kipande cha mbao ya kusagwa ndani ya beseni la maji, kimya, tukakiacha kijieleze.

Kile kituo, kama unajiuliza, kilitukubali. Si kwa uzuri wa meza. Siku ile ilipopasuka, Mzee aliinuka kabla sijaanza kuomba radhi, akapiga magoti, akaipindua meza mbele ya suti zote zile na kuwaonyesha skrubu moja moja na kilichotokea. Mkuu wa vipindi akaweka kikombe chini, akainama naye. Kipindi cha kwanza kikawa ufa.

Meza bado ipo karakanani, tunawekea makopo ya vanishi. Mbao za msimu ujao zimepangwa nyuma ya choo, palipo na kivuli, kila rundo lina tarehe kwa chaki. Jana nilizipima: mbao za mti wa musizi ziko tayari, mvule unasoma 17. Kituo kimepiga simu mara mbili wiki hii.