"Mjomba, si kuna kile cha bure?"

Mpwa wangu, barua zako mbili za udahili nimezisoma kwenye basi nikitoka zamu. Moja ya Stuttgart, uzamili wa rasilimali za maji, ada euro 1,500 kwa muhula. Nyingine ya mji mmoja wa mashariki huku Ujerumani, usimamizi wa teknolojia, haina ada. Chini ukamalizia: "Mama anauliza, mjomba, si kuna kile cha bure? Tunajadili nini?"

Mwambie mama yako kwamba neno hilo bure ndilo lililonikalisha darasani miaka minne badala ya miwili. Mwambie taratibu, presha yake naijua.

Sijui nani kawajaza kwamba Ujerumani nzima ni bure. Jimbo la Baden-Württemberg, iliko hiyo Stuttgart, linatutoza sisi tusiotoka Umoja wa Ulaya tangu 2017. Chuo kikuu cha ufundi cha Munich nacho kimeanza 2024, na uzamili pale ni euro 4,000 hadi 6,000 kwa muhula. Kwa hiyo Stuttgart yako si ghali hivyo. Na hicho kisicho na ada, Sperrkonto iko palepale, ile akaunti ya kufungiwa: euro 11,904 ziwe zimelala benki kabla ubalozi haujakugongea viza. Ni zaidi ya milioni 30 za kwetu. Ukishafika unafunguliwa 992 kwa mwezi, humo kodi ya chumba, humo bima ya afya, humo ule.

Sasa nikwambie nisichowahi kuwaambia.

Mimi nilikuja 2021, akaunti ilikuwa 10,332. Mlivyoijaza mnakumbuka. Kiwanja cha Ipuli kikauzwa, bibi yako akakopa kikoba, na palipopungua akakopesha mzee mmoja wa sokoni kwa riba yake anayoijua mwenyewe. Mkanisindikiza stendi kwa nyimbo. Mpaka leo wapo wanaosema zile hela nilizila. Zilikuwa zinafunguka 861 kila mwezi, na kila mwezi 400 zinageuka zinarudi Tabora kulipa deni. Hela niliyowekewa nile ikawa inamlisha mzee wa sokoni. Ndiyo maana mwezi wa kwanza haujaisha nikawa nabeba boksi.

Nyumbani tukisema "kubeba boksi" ni utani. Mimi ni maboksi kweli. Ghala la vifurushi, saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Mkanda unaleta, unapiga skana, unageuza lebo juu, unapanga kwenye kontena. Chakula cha mbwa, viti, matairi ya baiskeli. Desemba milango iko wazi kwa ajili ya malori: ukivaa glavu nene kitufe cha skana hukipati, ukivua vidole vinakufa ganzi. Msimamizi wetu ni kijana, nilipomaliza la saba labda yeye anatambaa, na alikuwa ananiita "Afrika". "Afrika, haraka!" Nimesimamia uchimbaji wa visima Igunga, watu wananiita injinia, halafu huku naitwa bara zima, na naitika.

Lakini boksi halikuniumiza kama kozi. Na mimi nilikuwa na barua mbili kama wewe. Ya maji ilikuwa na ada, 1,500 hizohizo. Nikaikimbilia nishati jadidifu kwa sababu haina ada, na mshikaji mmoja akanihakikishia sola ndiyo dunia inakoenda. Nusu ya masomo ni umeme, na umeme mimi niliuaga kidato cha sita. Mtu anayesoma kitu chake akitoka zamu usiku anaweza kupitia slaidi nusu saa na akaambulia. Mimi nilikuwa naanza sifuri, na macho mekundu. Kuna mtihani niliamka msimamizi ananigusa bega. Kalamu ilikuwa imechora mstari kutoka katikati ya jibu hadi pembeni ya karatasi. Huku mtihani mmoja kwa kawaida una nafasi tatu, ukianguka ya tatu kozi imekufa. Masomo mawili nilifika ya tatu. Wiki zile mama yako alikuwa ananipigia kuhusu mahari ya binamu yako, nikawa sipokei, mkasema nimekuwa Mzungu.

Piga hesabu mwenyewe. Nilikwepa euro 6,000 za mihula minne. Nikakaa miezi 24 zaidi, na hata kwa ile 861 ya zamani ni euro 20,664 za kuishi tu. Cheti ninacho sasa, nina kibali cha kutafuta kazi cha miezi 18 na kimebaki saba. Ninaomba kazi za maji na cheti cha nishati. Kila usaili swali ni hilo: kwa nini ulihama?

Kwa hiyo chukua Stuttgart. Chukua, usibabaike.

Ila ngoja. Kama Sperrkonto itajazwa kwa kuuza nyumba ya mama yako au kwa mzee wa sokoni, usije. Si Stuttgart, si kwingine. Kozi hata ikufae vipi, deni litakupeleka ghalani usiku, na ghala halijali unasoma nini. Pale Arusha chuo cha Nelson Mandela kina uzamili wa maji. Umoja wa Afrika una taasisi yake ya maji na nishati Tlemcen, Algeria, wanatoa ufadhili kamili, na mshirika wao mmojawapo ni Ujerumani hiihii mnayoililia. DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, nao wanafadhili kozi kadhaa za maji, ila wanataka uzoefu wa kazi angalau miaka miwili. Huko RUWASA, kwenye wakala wa maji vijijini, unakojitolea usiondoke kwa hasira kwa kuwa hawakulipi; omba barua, yenye tarehe na muhuri.

Najua utaniuliza, mbona wewe hurudi? Sina jibu zuri. Deni limeisha mwaka jana, nikasema nipumzike kidogo, sasa natuma ada ya wadogo zako. Na ukija nitafurahi, hilo nalo sikufichi. Tutapika ugali, unga wa sembe unapatikana kwenye duka la Waghana, kilo mbili kwa bei ya kuku. Koti usinunue mtumba wa huko, yale mepesi yatakuua. Ninalo moja la ziada.

Mama yako asisome habari ya mzee wa sokoni. Anadhani bibi alilipa kwa mauzo ya asali.

Niandikie kabla ya saa nne usiku, saa za huku. Baada ya hapo simu inafungiwa kabatini hadi asubuhi.