Siichori bahari, naiacha ifanye kazi

Swali la wiki hii liliuliza: ni mandhari gani inayoongoza mikono yako unapotengeneza kitu, inaingiaje ndani ya kitu hicho, na je, kinatumika au kinatazamwa tu? Mimi ni mfinyanzi, na mandhari yangu ni pwani. Sehemu ya kwanza nimeshaijibu. Ya pili ndiyo yenye mambo.

Wengi wetu tukitaka kufinyanga pwani hukimbilia picha: wimbi begani mwa mtungi, samaki wawili watatu, na buluu juu ya kila kitu. Picha zina uzuri wake, sizipingi. Ila bahari haikuuchora ufuko. Iliukwangua, ikausaga, ikaulowesha chumvi, ikapwa na kuuacha ukauke, kisha ikajaa tena. Kazi hizo zote udongo unaziweza. Basi mimi huupitisha udongo katika yaleyale yanayoupata mwamba na mchanga, nione utatoka na sura gani.

Njia niipendayo kuliko zote ni ya kukwangua kwa maji. Chombo kikishakauka kabisa, kabla hakijaonja moto, kipake nta iliyoyeyushwa mahali unapotaka pabaki. Kisha chukua sifongo yenye maji, ufute taratibu. Penye nta hapaguswi. Pasipo na nta udongo unalainika na kuondoka, tabaka baada ya tabaka. Suuza sifongo mara kwa mara, usiikandamize, na usikiloweshe chombo kupita kiasi, maana udongo mkavu ukinywa maji mengi kwa mara moja hupasuka. Ukuta uwe mnene kidogo tangu unapoufinyanga. Mwisho unapata kingo zilezile za mwamba uliopigwa na mawimbi, pagumu pamesimama na laini pameliwa. Nta huungua yenyewe tanurini. Sijaona kisu kinachotoa mstari wa namna hiyo.

Mchanga nao una maneno yake. Ukiuchanganya kwenye udongo, unapunguza kusinyaa kwa chombo kinapokauka na unakipa ngozi ya mparuzo ambayo kiganja huitambua mara moja. Lakini mchanga si mmoja. Kuna ufuko wenye mchanga wa kwatsi, madini magumu yanayong'aa kama kioo, na kuna ufuko ambao mchanga wake ni makombe na matumbawe yaliyosagika, yaani chokaa. Dondoshea siki: ukitoa mapovu, ni chokaa. Kwatsi ina sharti moja tu, kwamba hutanuka ghafla ifikapo nyuzi 573 za Selsiasi, hivyo moto upite hapo polepole, wakati wa kupanda na wakati wa kushuka.

Chokaa ina hila zaidi. Moto ukielekea nyuzi 900, hupoteza kabonidayoksaidi na kubaki chokaa kali isiyozimwa, yaani ambayo haijanywa maji. Chombo kinatoka tanurini kizima, unakifurahia, halafu siku chache baadaye ile chokaa inavuta unyevu wa hewani, inavimba, na vipande vya ukuta vinabanduka. Wafinyanzi wa bonde la mto Mississippi, Marekani, zaidi ya miaka 1000 iliyopita, walichanganya udongo wao na makombe ya kome yaliyopondwa, wakachoma kwa moto wa kadiri, na vyungu vyao vikadumu. Katika pwani ya Papua, kisiwani New Guinea, wafinyanzi walikanda udongo kwa maji ya bahari, na chumvi iliyomo ikaizuia chokaa isilete madhara. Kila nikikumbuka jambo hili nafurahi: bahari iliyoleta kombe ndiyo iliyoleta na dawa yake.

Chumvi hufanya makubwa zaidi motoni. Mafundi wa Kijerumani wa bonde la mto Rhine walikuwa wakiitumia katika karne ya 15. Tanuri likiwa na joto la zaidi ya nyuzi 1,200, chumvi hutupiwa ndani ikageuka mvuke, na sodiamu yake ikaungana na silika, madini yaliyomo kwenye udongo, kuwa glezi, ule utando wa kioo unaofunika chombo. Glezi hiyo ina vinundu kama ganda la chungwa. Moshi wake hubeba asidi ya hidrokloriki, hivyo si kazi ya kufanyia ndani ya nyumba wala katika tanuri la umeme, na mafundi wengi siku hizi hutumia magadi badala ya chumvi.

Asiye na tanuri la aina hiyo ana mwani. Ukaushe, uzungushie chombo kilichokwisha kuchomwa mara moja, kifungie ndani ya kasha la udongo pamoja na maranda ya mbao, uchome nje, moto usizidi nyuzi 1,000. Chumvi na madini ya mwani huacha mikanda ya rangi ya machungwa na kahawia, na maranda huacha weusi wa moshi. Mahali ambapo ukanda utatua hupangi wewe.

Makombe yana kazi nyingine ninayoiheshimu sana. Wafinyanzi wanaochoma kwa kuni au kwa chumvi hujaza kombe tupu udongo unaohimili moto, wakakilaza chombo juu yake. Baada ya moto kombe limekuwa chokaa. Ukilitia maji linasambaratika, na kwenye chombo inabaki alama ya mifereji yake. Vaa glavu na miwani, chokaa hiyo inaunguza. Na hakikisha kombe ni tupu kweli, maana kuna kaa wanaoishi humo.

Kuhusu rangi nitasema machache. Kobalti, madini ya kutia rangi, isiyofika hata asilimia 1 ya glezi hutoa buluu nzito, na buluu hiyo huzifanya bahari zote zifanane. Maji ya karibu na ufuko mara nyingi ni ya kijani chenye ukijivu. Rangi hiyo hutolewa na oksaidi ya chuma, asilimia 1 au 2, katika tanuri lililonyimwa hewa. Wachina waliijua karne nyingi zilizopita. Glezi yenyewe hujikusanya kwenye mifereji na kuwa nzito, ikakolea pale penye kina na kupauka kwenye kingo.

Je, vinatumika? Vya mwani hapana, si kwa chakula: vimechomwa kwa moto mdogo, vina vinyweleo, hunyonya maji na mafuta. Ninaviwekea vitu vikavu. Vya chumvi, na vya glezi ya chuma iliyoiva sawasawa, nanywea kila siku, na mgeni nampa kikombe cha chumvi kabla sijamweleza lolote, kwa sababu vile vinundu vya chumvi hutambulika kwa vidole kabla ya macho.